Wimbo Uliokwaruzwa kwa Msumari

Mpendwa Dada Odete, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, siku ya onyesho letu, maana usingizi umeniruka.

Mimi ni binti wa hapa Recife, napiga gita kwenye bendi ya vijana ya ile roki ya njozi, ya magita yanayovuma na maneno ya ndotoni, na wewe unatujua, sisi wa muziki huu hatulali kwa kuwasaka wakongwe wa miaka ya sabini, basi mwaka huu nikagundua kuwa mjomba wangu Adelmo, huyu huyu aliyenilea na asiyetaka hata redio iwashwe, aliwahi kuimba kwenye bendi ya namna hiyo, nikaikuta santuri yao kabatini kwake, ila wimbo wa mwisho umekwaruzwa kwa msumari, na hapa kwetu kila mtu anajua mkwaruzo huo maana yake nini, kwamba wakaguzi wa serikali ya wanajeshi ya enzi hizo waliupiga marufuku, nikatafuta nakala nzima sokoni, tukaufufua, na sasa kila onyesho watu wanaitikia jina lililomo kwenye kiitikio chake, Aratu, yaani kaa mwekundu wa mikoko.

Juzi mama mmoja mzee, Dona Zuleide, alinifuata nyuma ya jukwaa. "Aratu ni kaka yangu, mpiga drams wao," akaniambia. "Wanajeshi walimchukua, hakurudi. Mmenirudishia jina lake, binti yangu. Jumamosi nakuja na ukoo mzima."

Nikamkimbilia mjomba na habari njema. Akanikatiza: "Nani kakwambia ni wakaguzi? Niliukwaruza mimi." Kumbe wanajeshi walipomkamata yeye kwanza walimuuliza Aratu wa kwenye wimbo ni nani, lakabu waliyoijua wanabendi na watu wa nyumbani kwake tu. "Mwanzo nilisema simjui. Waliponizidia nikawapa jina na mtaa. Wakamleta jengo lile lile, nikamsikia mpaka sauti yake ikakatika." Tangu hapo amekaa jikoni kaugeukia ukuta. Mwenzangu Tadeu ananiambia, "Wewe imba tu, tiketi zimekwisha, wazee hununa kisha wakasahau." Nikiimba namchinja mjomba, nisipoimba namdhulumu yule mama, nifanyeje?

Jandira, Recife

Jandira,

Pole, mwanangu. Lakini umeniudhi. Nakala ya sokoni ilikuwa nzima, na bado hukujiuliza kwa nini serikali ikwaruze ya mjomba wako peke yake. Ulitaka shujaa nyumbani. Uliyempata ni kijana aliyeteswa mpaka akasema, na wewe ambaye hujateswa huna la kumhukumu. Waliomuua Aratu ni wale waliomuua, si aliyeteswa.

Hata hivyo, kumhurumia mjomba kusikufanye umsahau mama wa watu. Jumamosi msiuimbe, na huyo Tadeu akanunue akili. Mlipokuwa hamjui, mliimba kwa kutojua. Ukiimba sasa, utakuwa unamchezesha huyo mama juu ya kaburi la kaka yake.

Habari ya jina kutajwa, wewe usimwambie. Mdomo uliotaja jina ndio ukaseme. Mpeleke mjomba kwa Dona Zuleide kabla ya onyesho, mchana, nyumbani, wakiwa wamekaa. Akigoma, nenda peke yako ukamwambie huyo mama kwamba mjomba wako alikuwa jengo moja na kaka yake mwishoni na ameshindwa kuja. Hilo ana haki nalo.

Mjomba akienda, asiombe msamaha. Huo ni mzigo mwingine wa kumtwika huyo mama. Aseme jengo ni lipi na alisikia nini humo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia huyo mama kaka yake alifia wapi. Mjomba akianza kulia, mtoe nje mpaka anyamaze, kisha mrudishe ndani amalize. Asije akamfanya Dona Zuleide ambembeleze.