Visanduku vya Mama

Dada Delphine,

Huku nyumbani mabata bukini wamerudi, na mama amekunywa vijiko vitatu vya supu yao. Barafu ya mtoni bado inabeba gari, kwa hiyo njia ya kuja bado ipo.

Ndiyo, nimevunja kwa mkono wangu kufuli ambalo kampuni imeliweka ndani ya simu yangu, nikaingiza herufi za Kikrii, lugha yetu ya asili, ambazo imekataa kutuwekea. Usinihubirie kwamba nimepoteza dhamana ya simu! Wewe unawauzia simu zao huko mjini Winnipeg. Mimi silipwi kuwaogopa. Simu niliinunua, sikuiazima.

Unavikumbuka vile visanduku vitupu kwenye skrini, tulivyokuwa tukitumiwa na mama kutoka kompyuta ya kanisani? Ulicheka: "Bi mkubwa anabonyeza ovyo." Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kumbe alikuwa akiandika kwa herufi alizofundishwa na bibi, na simu zetu hazikuzijua. Kufuli lilipovunjika nikasoma ujumbe wake wa majira yote ya baridi: "Tumbo linaniuma. Njooni, wanangu."

Mimi nimekuja. Leo asubuhi, kwa simu yangu, amekuandikia wewe peke yako, maneno mengi, huku akitabasamu. Usiniombe nikusomee. Vunja kufuli la simu yako usome mwenyewe, wakati bado yupo wa kukujibu.

Mdogo wako asiyejuta,
Ernestine