Mwanamke Hali Yai

Jumatatu, 7 Machi 1938
Darasani tangu asubuhi. Wasichana wa shule yetu ya Mugoma wamesoma ukurasa mzima bila kukwama. Aliyekwama ni mimi, mwalimu wao. Jicho la kulia lina ukungu. Mguu wa kushoto umekufa ganzi kuanzia gotini. Chaki imeniponyoka. Mama mkwe anasema nimerogwa. Yohana, mume wangu, ananikanda mguu. Naogopa.

Alhamisi, 17 Machi
Biharamulo, hospitalini. Nilibebwa kwa machela hadi barabarani, kisha lori. Daktari alinichoma nyayo kwa sindano, sikusikia kitu. Anasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Huja, hupungua, hurudi. Dawa yake hana.

"Nitapona?"

"Sijui, Mwalimu. Chakula hakitauondoa. Lakini umekonda mno, na mwili wenye njaa hauna cha kupigania. Kula mayai, maini, samaki, mchicha, papai, karanga. Ndani yake mna vitu viitwavyo vitamini. Mwili unavihitaji, na mishipa pia."

Nimelia. Kisha nimelala.

Jumapili, 20 Machi
Nyumbani. Nimewaeleza Yohana na mama mkwe maneno ya daktari. Mama mkwe alicheka kwanza, halafu akakasirika. Kwetu mwanamke hali yai, wala kuku. Akila, wanasema, atakuwa tasa au atazaa bubu. Mimi nimeolewa miaka kadhaa na sina mtoto. Neno hilo limenipata penyewe. Na kuku wamejaa uani.

Jumanne, 22 Machi
Nimekula yai. La kuchemsha, kwa chumvi, uani, mchana kweupe, mama mkwe akinitazama. Sikutaka kujificha. Lilinikwama kooni, nikalishushia maji. Mama mkwe akabeba chungu chake, akahamia kupika kwa shemeji yangu. Hawezi kupika pamoja na mla mayai, amesema. Sawa.

Jumamosi, 2 Aprili
Mchicha kila siku. Karanga. Maini Yohana anapoyapata. Wanawake wa kanisani walikuja kunisihi niache aibu hii. Niliwasikiliza hadi mwisho. Walipoondoka nikala yai jingine. Tamu, kusema kweli.

Jumatatu, 25 Aprili
Jicho limefunguka! Nimesoma herufi ndogo za Injili. Ni mayai? Au ugonjwa umepungua wenyewe, kama daktari alivyosema? Sijui, na sitawadanganya watu. Ninachojua: mashavu yamerudi, na nafika shuleni bila kupumzika njiani.

Jumatano, 15 Juni
Ugonjwa umerudi. Safari hii miguu yote miwili. Nimeanguka mbele ya wasichana. Msimamizi wa shule anasema asiyeweza kusimama hawezi kufundisha. Nikamjibu kwamba nafundisha kwa kinywa, si kwa miguu. Amesema atakuja kuona mwenyewe. Shule hii siiachi.

Nilipoletwa nyumbani mama mkwe alikuwa amefika, na majirani nao. "Mayai hayo!" alisema. "Si nilisema?" Sikuwa na nguvu ya kubishana. Sikutaka tena kula chochote.

Yohana akainuka akaingia jikoni. Sijawahi kumwona mwanamume wa hapa akiinama kwenye mafiga. Akachemsha yai, akalimenya, akaniwekea mkononi mbele ya wote.

"Mama, nakuheshimu," alisema. "Mke wangu atakula."

Nikala.

Ijumaa, 1 Julai
Nafundisha nimekaa. Kiti, na fimbo ndefu ya kuonyeshea ubaoni. Wasichana hawajali hata kidogo. Msimamizi amekuja, akasikiliza somo zima. Mwishoni aliuliza kama kiti kinatosha au kiletwe chenye mgongo. Nimesema kiletwe.

Jumamosi, 24 Septemba
Mvua za kwanza. Natembea kwa mkongojo, labda siku zote. Jicho ni zima. Leo nimelima tuta la mchicha nimekaa chini, nikijivuta taratibu. Mama mkwe akapita. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akachukua jembe jingine, akaanza tuta la pili. "Mimi yai sili," alisema.

"Najua, mama."

"Nitakula mchicha."

Tulipanda hadi jua lilipokuwa kali. Udongo ulikuwa laini, mweusi, umelowa vizuri.