Taarifa ya Kamba Zilizopotea

Jambiani, 6 Mei 2025

Kwako mdogo wangu Suhaib,

Assalaam alaykum. Nakuuliza hali kwa kuwa ndiyo ada, ya kwangu usiniulize. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu nimeiponda kwa mchi wa kinu mpaka ikawa vumbi. Barua atakuletea Borafya wa gari la mboga. Mie nimo edani, kizingiti sivuki.

Watu wote wamemzika mume wangu isipokuwa wewe. Kazi gani hiyo, Suhaib, inayokukataza kumtilia shemeji yako mchanga?

Basi nikwambie alivyokufa. Upepo wa Jumanne ya wiki iliyopita ulikata kamba za mwani za watu. Ayoub akaokota zilizoelea, akazifunga shambani kwetu mpaka wenyewe waje kuzichukua, kama tufanyavyo sote hapa. Sita zilikuwa za Wakil. Mara simu zikalia ufukwe mzima: MWIZI WA MWANI, AYOUB, YUKO MAJINI SASA HIVI. Wakaja vijana kutoka Paje, hata sura yake hawaijui. Wakang'oa vigingi vyetu vya mwani, wakampiga navyo. Nilipofika, jicho moja lilikuwa nje na maji ya magotini yamegeuka mekundu. Bado alikuwa akisema, "Ni za Wakil, namwekea." Wallahi, wakampiga jiwe la mdomo ili anyamaze.

Sasa kaka yetu Mkubwa ananoa panga. Anasema Wakil ndiye aliyemtangaza, na damu yake itamwagika kama ilivyomwagika ya Ayoub. Mie sitaki damu nyingine. Lakini kama ni kweli, kumzuia pia sitaki. Wewe ndiye uliyeitengeneza hiyo mashine ya kupeleka ujumbe kwenye simu za wakulima wa mwani. Nijibu upesi: ni Wakil?

Dada yako,
Tabia

---

Shangani, Mjini, 19 Mei 2025

Kwako dada Tabia,

Shikamoo. Natumai u mzima, ingawa najua salamu yangu haina uso. Barua yako ninayo siku ya kumi na mbili leo, imechanika kwenye mikunjo kwa kusomwa.

Si Wakil. Ni mimi.

Mashine ile haina macho, dada. Tumeipa vyombo vya kazi, yaani kazi ndogondogo inazoweza kufanya, na kila chombo kina maelezo yake. Mtu akiiandikia, inasoma maelezo, inachagua chombo, inakitumia. Zaidi ya hapo haijui kitu. Kazi yangu ni kuandika maelezo hayo. Chombo kimoja nilikiandikia hivi: "Hutuma taarifa ya kamba zilizopotea." Basi. Ilikuwa Ramadhani, futari imekaribia, nna njaa, nataka kuondoka. Sikuandika kwamba taarifa inakwenda kwenye simu zote mia nne, Paje mpaka Jambiani. Sikuandika kwamba chombo chenyewe kinabandika neno MWIZI, kisha jina la mtu aliyetajwa.

Nimefukua alichoiandikia Wakil mashine siku ile: "Kamba zangu sita naziona kwa Ayoub. Mwambieni ahsante, nakuja kuzichukua." Mashine ikatafuta chombo kinachohusu kamba zilizopotea, ikakuta changu. Haikukosea. Ilifuata nilichoandika.

Leo nimeandika upya: "Chombo hiki humtangaza mtu kuwa mwizi kwenye simu zote mia nne. Kisitumike kwa kamba zilizohama na upepo. Kisitumike kwa tuhuma. Kitumike pale tu mkuu wa doria ya ufukweni atakapofika, akaona kwa macho yake na kuridhia. Ukiwa na shaka, mpelekee yeye peke yake."

Mwambie Mkubwa aweke panga chini. Niliogopa, dada. Namuogopa yeye, naogopa kufukuzwa kazi, na wewe nakuogopa zaidi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Suhaib

---

Jambiani, 22 Mei 2025

Suhaib,

Sikusalimu.

Barua yako imefika Jumanne alasiri. Mkubwa alikwenda Jumapili asubuhi.

Alimkuta Wakil anaanika mwani. Panga la kwanza lilikata mkono aliokingia uso, la pili likaingia shingoni. Kafa juu ya mwani wake, na mwani wenyewe umefukiwa, hakuna aliyetaka kuugusa. Mkubwa yuko rumande, anawaambia askari kuwa amelipa kisasi cha shemeji yake. Hajui. Mie sina ulimi wa kumwambia.

Maelezo yako mapya nimeyasoma. Mazuri mno, hata mtoto anaelewa. Mashine umeiandikia kwa siku moja. Mie dada yako, maneno mawili tu, "si Wakil", yamekuchukua siku kumi na mbili! Na kutoka huko mpaka huku ni saa moja na ushei kwa gari. Laana gani hii, Suhaib?

Bi Mwanakheri, mama yake Wakil, alikuja jana kunilaani mlangoni. Nikamvuta ndani, nikamsomea barua yako, maana kusoma hajui. Sikuruka neno, na jina lako nikalitaja. Akajipiga kichwa ukutani mpaka paji likapasuka, nikamshika, akaning'ata mkono, nikamuachia aning'ate.

Leo karudi. Kaniomba nimsomee tena, nimemsomea. Anasema mashine kaielewa, na vyombo vyake, na haraka yako ya futari. Ana swali moja tu: siku zote hizo kumi na mbili, miguu yako ilikuwa na nini?

Kakaa hapa ubavuni kwangu, anasubiri. Jibu usimpe Borafya alete.

Dada wa Mkubwa,
Tabia