Si Upepo Uliochukua Kitambaa Chako

Koko wangu mpendwa, bibi yangu,

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kitambaa chako hakikuchukuliwa na upepo. Mimi ndiye niliyekifungua.

Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni chumbani kwangu, hapa Mansfield, na mlango nimeufunga. Baba amerudi kutoka ghalani kule Mesquite, Mama kutoka kwa wazee anaowatunza, nao bado wako mezani. Mimi unanijua, maneno hunikwama mdomoni, kwenye karatasi hutoka. Ulikuwa ukiniambia, "Weye mutoto, kama uko na kitu ya kusema, andika. Nitatafuta mutu ya kunisomea." Sijui huko uliko nani atakusomea. Kwa hiyo barua hii sitaifunga kwenye bahasha. Yeyote anayetaka aisome, labda mmoja wao atakufikishia.

Nianzie Gulfton, mtaa wetu wa Houston, kwa sababu huko ulijua njia.

Unakumbuka majengo yetu ya Houston: yote rangi ya mchanga, yote ghorofa mbili, ngazi za chuma, milango ya kahawia. Namba zilikuwepo lakini wewe hukusoma namba. Wiki ya kwanza uliingia kwa yule mama wa Honduras mara tatu ukidhani ni kwetu, na mara ya tatu akakupa bakuli la maharage. Ulirudi nalo ukicheka, ukachukua mkasi, ukakata ukingo wa kitenge chako cha njano chenye vifaranga, ukaufunga kwenye kitasa chetu mafundo mawili. "Hii njo mulango yangu sasa," ukasema. Nilitaka kukufundisha namba. Nikakuandikia moja mpaka kumi kwenye daftari. Uliziangalia kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha za ndugu wa watu wengine, ukasema, "Hizi zinafanana zote. Kifaranga haifanane na kitu."

Kila alasiri ulikwenda kwenye kikundi cha maombi, jengo la mwisho, karibu na mashine za kufulia. Saa kumi ulirudi. Mchana pale hatukufunga mlango kwa ufunguo, maana ngazi nzima ilikuwa imejaa watu, watoto na baiskeli, na redio tatu zikipiga nyimbo tatu. Katikati ya kelele zile bado nilijua ni wewe. Ulizungusha kitasa polepole, ukasubiri kidogo, ukazungusha tena, kama mtu anayebisha hodi kwa kiganja. Ndipo ukaingia, ukavua viatu, ukauliza, "Tulifika wapi?" Nami nikafungua kitabu. Macho yangu yalisoma Kiingereza, mdomo ukakupa Kiswahili. Cha mwisho kilikuwa cha msichana anayefuga nyuki mlimani, na wewe ulimgombeza kila ukurasa. "Huyu hana mama? Nani anamuacha na nyuki?"

Sasa ile Jumamosi.

Msichana mmoja wa darasa langu alikuwa amesema atakuja kwetu tufanye kazi ya sayansi. Ni yule yule aliyeniuliza kwenye basi la shule, mbele ya wenzake, "Ninyi ndio wenye tambara mlangoni? Ni la uchawi?" Wakacheka. Mimi nikacheka nao. Hilo nalo naliungama.

Wewe ulikwenda kwenye maombi saa nane. Uliposhuka ngazi nikatoka, nikafungua mafundo yako. Yalikuwa yamekaza, nikatumia meno. Nikakiweka kitambaa ndani ya kitabu cha nyuki, kwenye ukurasa tulioishia, nikajiambia nitakirudisha kabla ya saa kumi. Yule msichana hakuja. Alituma ujumbe kwamba wameenda dukani. Nikachukua kitabu kingine, cha kwangu mwenyewe, na unajua ninavyokuwa nikisoma.

Koko, nilisikia kitasa cha jirani kikizungushwa. Polepole, kisha tena. Nilikisikia kabisa. Nikafungua ukurasa unaofuata.

Nilipoinua macho mwanga ulikuwa wa rangi ya chungwa. Yule mama wa Honduras alikuleta amekushika mkono. Alikukuta umekaa kwenye ngazi za jengo ambalo hata mimi sikulijua. Joto la Houston ni kama kukaa ndani ya mdomo wa mtu, na wewe ulikuwa umelitembea kwa muda wa saa tatu. Miguu ilikuwa imevimba. Ulisema, "Nimeshika milango yote. Yote inanikatala." Baba akatoka kuangalia kitasa, akarudi. "Upepo umekichukua," akasema. Na wewe ukasema, "Eh, ni upepo. Haiko kosa ya mutu." Ukanitazama.

Mama alitaka kukata kingine. Ukamwambia aache, hutatoka tena. Hukutoka tena. Baada ya wiki tatu tulikupeleka hospitali, hukurudi, na daktari akatuambia moyo wako ulikuwa umechoka siku nyingi. Mama alinitafsiria hilo kama zawadi. Sikujua niliweke wapi.

Kitabu cha nyuki hatukukimaliza. Kilikuwa cha maktaba. Sikukirudisha.

Baadaye Baba akapata kazi huku. Kanisani watu hubishana kila Jumapili kuhusu miji hii miwili. Huyu anasema Houston kuna ndugu na bahari iko karibu, yule anasema Dallas kuna kazi na barabara nzuri, na wote wanakubaliana kwamba kote maisha ni ghali. Sisi husema Dallas hata tukiwa na maana ya Mansfield. Baba husema huku kuna nafasi. Nafasi ipo, Koko. Ndiyo inayonitisha.

Huku hakuna ngazi. Hakuna ukuta wa kushiriki na jirani, kwa hiyo hakuna anayekohoa upande wa pili. Asubuhi milango ya gereji inainuka, magari yanatoka, milango inashuka. Jioni magari yanarudi, milango inayameza. Hapo katikati mtaa unabaki mweupe na mkavu, miti midogo imefungiwa vijiti kama mikono iliyovunjika, na hakuna mtu anayetembea kwa miguu. Houston hata ukipotea utaulizwa unatafuta nani. Huku unaweza kupotea siku nzima na hakuna atakayejua kwamba hukufika.

Na nyumba zinafanana kuliko majengo ya Gulfton. Wiki ya kwanza niliposhuka kwenye basi la shule nilichomeka ufunguo kwenye mlango wetu. Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Kupitia kioo nikamwona mzee mmoja mweupe amesimama ndani, akinitazama bila kusema kitu. Haukuwa mlango wetu. Nilitembea nyumbani nikiwaza kwamba hivyo ndivyo ulivyoona wewe, mlango baada ya mlango.

Mtu wa kwanza kuniambia habari za kitasa ni Mama Njeri. Yeye ni Mkenya, muuguzi, anafanya zamu ya usiku na kulala mchana. Yuko nyumba ya tatu kutoka kona. Sisi ni ya saba, upande huo huo. Tulikutana kwenye masanduku ya barua.

"Wewe msichana, ni wewe unanichezea mlango saa kumi?"

"Hapana, Auntie."

"Nilijua. Wewe hata salamu unaogopa." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mtu anashika kitasa. Polepole, anangoja, anashika tena. Nikiamka sipati mtu. Nime-check kamera ya kengele, naona mkeka wangu tu na jua."

Nikachukua barua zetu, nikaenda nyumbani kwenye joto la kukaanga yai.

Kesho yake saa kumi nilikaa dirishani. Mwenye nyumba ya nne alifungua mlango wake, akatazama kulia na kushoto, akafunga. Siku iliyofuata mbwa wa nyumba ya tano alibweka mara mbili. Siku ya tatu yule mzee mweupe, ambaye nyumba yake ni ya sita, alitoka nje na kusimama kwenye nyasi zake akiwa na soksi.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Nilikuwa peke yangu, nimesimama sebuleni na mkoba mgongoni, mlango umefungwa kwa ufunguo kama tunavyofunga huku. Kitasa kikazunguka polepole, kikarudi. Ukasubiri kidogo. Kikazunguka tena.

Niliogopa, Koko. Nilikuogopa wewe, uliyenisuka nywele. Nilihesabu mpaka kumi, zile namba nilizokuandikia, ndipo nikafungua. Jua, mkeka, mtaa mtupu. Na kwenye nyumba ya nane nikasikia kitasa kikizunguka. Ulikuwa umeshatupita. Ulishika mlango wetu, ukaukuta hauna alama, ukajua si kwako.

Jioni ile Mama alikuwa akisimulia habari za kazini. Alisema kuna bibi mmoja pale ambaye kila alasiri huzunguka akishika vitasa, anatafuta kwake. "Anachoka mpaka analia. Basi leo tumemfungia utepe mwekundu mlangoni. Ameuona tu, akaingia, akalala." Baba akasema ni wazo zuri. Mimi nikasukuma sahani. Nikaomba ruhusa, nikaja chumbani, nikaanza kukuandikia.

Niliishia hapo Alhamisi. Leo ni Ijumaa ya wiki iliyofuata, naendelea.

Jumamosi asubuhi nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anachambua majani ya muhogo ya sombe.

"Mama, kitambaa cha Koko. Si upepo."

Hakuinua kichwa. "Ni nani?"

"Ni mimi."

Mikono yake ilisimama juu ya majani. Nikamweleza yote, hata lile basi na kile kicheko, hata kitasa cha jirani nilichokisikia. Maneno yalitoka vibaya na kwa mpangilio mbaya, lakini yalitoka. Akanawa mikono, akaifuta, akasema, "Kilete."

Nikaleta kitabu. Akakitoa kitambaa kwenye ukurasa wake, akakipeleka puani. "Kinanuka karatasi sasa," akasema. Akakilaza mezani, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akasema, "Alijua."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu. Ila pale hospitali alisema nisizungumze habari za upepo mbele yako."

Nililia hapo hapo kwenye meza, juu ya sombe. Mama aliniacha nilie. Hakusema si kosa langu, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema, "Baba yako utamwambia wewe mwenyewe."

Nilimwambia Baba aliporudi. Wakati huo nilikuwa nimeshakifunga kitambaa kwenye kitasa cha mbele, mafundo mawili kama yako. Alitoka nje, akavuta fundo kuona kama limekaza, akarudi ndani kula.

Nilijua ungerudi. Gulfton ulipopoteza hesabu ya milango ulikuwa unarudi mpaka kwenye mashine za kufulia, unaanza upya. Kwa hiyo nilisubiri uanzie kona. Jumatatu Mama Njeri alinisimamisha. "Mtu wangu amerudi," akasema. Akaangalia mlango wetu, akaona vifaranga. "Na hicho ni nini?"

"Ni cha Koko. Ili aone nyumba."

Nilidhani atanicheka. Akatazama mtaa wote, kisha kitambaa, akasema taratibu, "Basi funga vizuri."

Jumanne nyumba ya nne. Jumatano mbwa alibweka. Jana mzee alitoka na soksi zake. Nimemwonea huruma. Siku moja nitajitahidi nimsalimu.

Nakuaga, Koko, kwa sababu sina la kuficha tena na karatasi imebaki kidogo. Nisamehe kwa mafundo. Nisamehe kwa ule ukurasa niliofungua badala ya mlango. Mji huu si wako na bado si wangu, lakini mlango mmoja ndani yake ni wetu, na sasa una alama.

Leo nilirudi kutoka shuleni saa tisa na nusu. Sikufunga mlango kwa ufunguo. Nilisogeza kiti chako karibu na dirisha, nikaweka maji kwenye kikombe, nikakaa sakafuni na kitabu cha nyuki. Saa kumi kitasa kilizunguka polepole. Nilisubiri kizunguke tena. Hakikuzunguka. Nyumba ya nane haikutoa sauti. Sikuinuka kwenda kutazama, maana nilijua umeiona alama. Nilitafuta ukurasa ambao kitambaa kilikuwa kimeacha mkunjo, nikaanza kukusomea kwa sauti.

Mjukuu wako,
yule wa vitabu