Bastola Mbili za Kuchezea Kule Shively

Baba yangu uliye Buffalo,

Jana niliingia duka la vifaa vya airsoft, ule mchezo wa kulengana kwa bunduki za kuchezea, hapa Columbus, nikakukumbuka ulivyosimama mbele ya kabati la vioo la duka kama hilo kule Shively tulikoishi zamani, umeshika kofia kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani.

Hukupenda nicheze mchezo huo. Ulikimbia vita Burundi ukiwa kijana, na kwako bunduki haikuwa kitu cha kuchezea, hata kama inarusha vidonge vya plastiki tu. Lakini wenzangu wa kazini walikuwa wamenialika, nami nilikuwa mgeni, sina rafiki. Ukasema, "Basi twende wote. Nione mwenyewe."

Muuzaji akatoa bastola mbili za gesi. Ya kwanza, kila ukifyatua, sehemu ya juu ilirudi nyuma kwa kishindo na kuusukuma mkono, kama ya kweli. Ya pili haikutikisika. Ilitoa mlio mdogo tu, na gesi yake ilidumu zaidi. Mimi niliitaka ya kwanza. Wewe ulipoijaribu, uliiweka mezani taratibu, ukafuta kiganja kwenye suruali.

"Hii inaigiza mno," ukasema. "Lakini ni yako, mama. Chagua."

Nikachukua iliyotulia. Sikujuta. Ililenga vizuri, na siku ileile ulinipangia makopo uani, ukakaa kwenye ngazi kunisimamia. Kopo likianguka, unacheka, unaenda kulisimamisha tena.

Ulipohamia kwa kaka, niliogopa utakaa ndani tu, na baridi ya huko. Kumbe Jumapili ukanipigia: wajukuu wamekupeleka kwenye ukumbi wa mchezo, umevaa miwani ya kukinga macho, umecheza.

"Wamenipa ile inayopiga teke," ukasema. "Mara ya kwanza moyo ulienda mbio. Nikakaa pembeni, nikanywa maji, nikarudi. Ni plastiki na gesi tu, mwanangu. Na nimelala vizuri."

Nilikuwa nalia, baba, si kwamba simu ilikatika. Miaka yote nimekusikia ukiamka usiku na kuzunguka sebuleni.

Nimeomba likizo, naja mwezi ujao. Mwambie kaka aniandalie kitanda. Nataka tuwe timu moja, mimi na wewe, dhidi ya wajukuu zako. Na usiwaonee huruma.

Nakukumbatia mpaka nifike,
Binti yako, Zawadi