Jina la Mzee Rajabali Ukutani

Jumatatu, 6 Juni 1955
Baridi. Chai bila maziwa. Ofisini asubuhi yote, kutafsiri kesi za watu waliokamatwa bila pasi za Hali ya Hatari. Kisha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaniita. Jumamosi kuna sherehe ya kumkumbuka marehemu Mzee Rajabali, mwenye kiwanda cha sabuni. Yeye atahutubia kwa Kiingereza, mimi nitatafsiri. Jengo la kiwanda litapewa jina la mzee. Chifu alikuwa amekaa pale, anatikisa kichwa kama mjusi juu ya jiwe. Eti marehemu alikuwa rafiki mkubwa wa serikali.


Jumanne, 7 Juni
Niandike ninachojua, maana Jumamosi nitasema mengine.
Mzee alitoka Kachchh, Bara Hindi, akiwa kijana. Alifika Meru na sufuria moja kubwa ya shaba. Akatembea kwa miguu hadi Kianjai na Mikinduri, ananunua mbegu za mbarika kwa akina mama, anakamua mafuta, anapika sabuni. Mwishowe akawa na kiwanda, na wafanyakazi kutoka Meru mpaka Embu. Hakuwa malaika. Akifoka, mtaa mzima ulisikia. Bahili hata wa chumvi. Lakini mfanyakazi akifiwa, mzee alipanda mwenyewe hadi matangani, viatu vimejaa tope, akaketi chini na watu.
Mwaka jana homgadi, wale askari wa kijiji wa serikali, walitaka chumba chake cha kukaushia sabuni, wahojie watu humo. Alikataa. Wakavunja kufuli. Wa kwanza kupigwa mle ndani alikuwa Nyaga wa Embu, mpishi wake mkuu wa sabuni; tangu hapo yuko kizuizini. Mzee alisimama mlangoni akipiga kelele. Chifu akamsukuma, akaanguka kifudifudi. Kiwanda kikafungwa. Hakuinuka tena vizuri. Aprili mwaka huu akafa.
Jengo hilo ndilo litakalobeba jina lake. Sasa ni kambi ya homgadi. Wanaita heshima.

Alhamisi, 9 Juni
Nimepeleka mwaliko kwa mjane, Mama Shirin. Habari za jina amezisikia kwangu. Hakulia. Alimimina chai kwanza.
"Karani, hapo ndani bado wanapiga watu?"
Ndiyo, mama.
"Na jina ya mzee taweka juu ya mlango?"
Ndiyo.
Chai yake ikapoa. "Jumamosi mimi sema neno kidogo. Kiingereza yangu mbaya. Wewe ambia Bwana sawasawa. Hapana tia sukari."
Nilisema nitajaribu. Jibu la mwoga.

Ijumaa, 10 Juni
Nimemwambia mke wangu, Kagwiria. Amesema watu wamepelekwa kizuizini kwa maneno madogo kuliko hayo. Kweli. Sikula.

Jumamosi, 11 Juni
Wamepaka ukuta chokaa. Juu ya mlango, jina limefunikwa kitambaa. Chini ya chokaa harufu ya mle ndani ni ileile. Wafanyakazi wa zamani waliletwa na Chifu, wakapangwa juani, homgadi nyuma yao.
Bwana Shauri alisema mzee alilitoa jengo kwa hiari. Hiari!  Neno hilo nikalitafsiri. Watu wakapiga makofi, wakitazama bunduki kwa pembe ya jicho. Chifu naye akamlilia marehemu. Machozi ya kweli kabisa. Mkono uliomsukuma mzee ndio ulioshika leso. Sijawahi kuona uchafu kama ule.
Ndipo Mama Shirin akasimama, bila kuitwa.
"Mzee hapana toa nyumba. Nyinyi vunja kufuli. Huyu Chifu sukuma yeye chini. Bwana, hapa weka jina ya baba yako. Ya mume wangu, hapana."
 Bwana Shauri akanigeukia, anataka kujua mama amesema nini. Chifu akaninong'oneza kwa Kimeru: "Sema anashukuru."
Nikatafsiri yote. Kufuli. Chifu. Hata baba yake. 
Shingo ya Bwana Shauri ikawa nyekundu. Akachukua kofia, akaondoka. Kitambaa hakikufunuliwa. Wafanyakazi wakapita mbele ya mama, mmoja baada ya mwingine. "Pole, mama." "Pole sana, mama."

Jumatatu, 13 Juni
Nimefukuzwa. Walinihoji mpaka alasiri. Naambiwa nina ulimi mrefu. Wamechukua pasi yangu ya mjini. Nikae kwetu Kibirichia, nisitoke bila ruhusa. Ingeweza kuwa mbaya zaidi. Bado inaweza kuwa. Chifu alitema mate karibu na mguu wangu.
Nilipita kiwandani. Fundi alikuwa juu ya ngazi, anakwangua jina. Ndani mtu alikuwa analia.

Ijumaa, 24 Juni
Kibirichia. Ukungu mpaka saa nne. Tumechimba viazi, mimi na Kagwiria.
Dereva wa lori la viazi ameleta habari za mjini. Nyaga ameachiliwa. Mkono wa kulia haukunjiki. Jana wafanyakazi walienda kwenye kaburi la mzee, mmoja mmoja, homgadi wasije wakasema ni mkutano. Nyaga alipalilia kwa mkono wa kushoto. Mama Shirin aliwapelekea chai.
Hakuna aliyehutubia.