Mama Ameosha Mawe Yangu

Jumamosi, Kibamba. Manyunyu tangu alfajiri, na mie nimevimba kwa hasira hadi chai imenishinda.

Leo ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, na mama yangu hapokei watu wa sala huku kuna vumbi ukumbini. Kwa hiyo jana, nilipokuwa shuleni nikifundisha, akachukua mawe yangu yote arobaini, akayasugua kwa sabuni na stiliwaya. Halafu akayapanga kuzunguka maua yake ya mlangoni. Nimeyaona asubuhi, wageni wakiingia. Kina mama wakamsifu kwa kupamba, nami nikatabasamu kama mjinga.

Walipoondoka nikamfokea. Mama yangu mzazi, jamani.

Hakuelewa. Kwake ni mawe tu, tena machafu. Ni vipande vya mviringo, vinene kidogo kuliko kidole gumba, nilivyovitoboa kwenye miamba myeusi kule Iringa kwa ajili ya shahada yangu ya pili. Miamba ile zamani mno ilikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini ya ardhi. Ulipopoa, chembe za chuma zilizomo zikafuata sumaku ya dunia ya wakati ule, zikaganda hivyohivyo. Ukizipima unaweza kujua bara letu lilikuwa wapi, maana mabara yanahama. Ila lazima ujue kipande kilikaaje mwambani, ndiyo maana nilichora mshale kwenye kila kimoja. Sasa mishale mingi haipo.

Nikisema mama ndiye mkosaji, naongopa. Tulifundishwa kuukwaruza mshale kwa msumari wa shaba, usitegemee wino. Siku ile mvua ilitukimbiza, nikakwaruza kumi na viwili tu, na mishale hiyo ndiyo iliyobaki. Vingine nikavichora kwa wino, nikajiambia nitamalizia nyumbani. Wiki tatu vimekaa ukumbini navitazama.

Na kuna baya zaidi.

Mchana nilijifungia chumbani nikaanza kuchora mishale upya, kwa kukumbukakumbuka. Nilifikisha mitano. Nani angejua? Maabara ya nje ya nchi imenipa nafasi ya kupima baada ya wiki mbili; ikinipita, nasubiri mwaka mzima. Ila mkono uligoma wenyewe. Ningeihamishia Afrika nzima mahali ambapo haikuwahi kufika, kisa uvivu wangu!

Nikaifuta yote mitano. Nikampigia msimamizi wangu wa chuoni, nikamweleza kila kitu pamoja na hiyo mishale ya uongo. Akasema mashine ya kutobolea ipo, mashimo yangu nayo yapo palepale, nikatoboe pembeni yake. Wiki mbili zinatosha kwa mtu asiyelala lala.

Basi silali. Kesho baada ya misa namfuata mkuu wa shule nyumbani kwake kuomba ruhusa. Akikataa nitamganda mpaka akubali.

Jioni nimemwomba mama radhi, nikamweleza habari ya msumari, ya mvua iliyonikimbiza na ya kurudi Iringa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Akauliza tu, safari lini? Nikamwambia Jumatatu.

"Basi na mie naenda," akasema. "Wewe toboa, mie nikwaruze. Mvua ikija, wewe kimbia. Mie sikimbii."